Lelemama ya Seoul

Mzazi wa Mishomoroni anayemsikia bintiye akiimba kwa Kikorea maneno ambayo mengi yake hayaelewi, na anayemwona akijua siku ya kuzaliwa ya kijana wa Busan kuliko anavyoijua ya mjomba wake wa Mtopanga, ana haki ya kushangaa. Lakini mshangao huo ukimfikisha mahali pa kusema kwamba mambo kama haya hayajapata kuonekana pwani, hapo historia ya Mombasa inamkatalia. Sare, vyeo, michango, mashindano ya kukomoana, utiifu kwa kundi unaoshinda hata ule wa mtaa, akiba za watu kuishia kwenye ngoma: yote haya mji huu uliyajua tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika ngoma kadhaa waliokuwa mbele ni wanawake. Ushabiki wa K-pop, kwa maoni yangu, ni jamaa wa karibu wa ngoma za beni na lelemama. Jipya lililokuja nao liko kwingine, nalo linastahili kutushughulisha kuliko rangi za nywele za vijana wa Seoul. Muziki mkubwa wa kigeni umefika pwani, umependwa, umekaririwa, na bado pwani haijaujibu kwa Kiswahili.

Muziki wenyewe hauna umri mkubwa. Wengi huanza kuhesabu 1992, pale Seo Taiji and Boys walipotokea kwenye televisheni ya Korea Kusini wakichanganya rap na midundo ya Wamarekani weusi, wakawaacha watu wazima wameduwaa na vijana wamepata chao. Kundi hilo lilivunjika 1996. Kufikia wakati huo mwimbaji wa zamani aitwaye Lee Soo-man alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni ya SM Entertainment juu ya wazo moja, kwamba nyota anaweza kulelewa toka utotoni: achujwe miongoni mwa wengi, afunzwe kuimba, kucheza, lugha za kigeni na adabu za mbele ya kamera, kisha atolewe sokoni akiwa kamili. Mwimbaji BoA alitolewa mwaka 2000 akiwa na miaka 13, na miaka miwili baadaye albamu yake ikashika nafasi ya kwanza Japani. Katikati ya hayo ulikuja mgogoro wa fedha wa Asia wa 1997, ulioitikisa Korea vibaya, na serikali ya Rais Kim Dae-jung ikaanza kuiona filamu na muziki kuwa bidhaa za kuuzwa nje sawa na magari na meli. Sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni ilipitishwa 1999. Kuna wanaopenda kusema kwamba serikali ndiyo iliyouumba muziki huu. Wanaipa sifa isiyo yake, kwa sababu serikali ilisafisha njia tu na mzigo ukabebwa na kampuni binafsi, nyingine zikifilisika njiani.

Dunia iliyobaki ilishtukia 2012, wakati Gangnam Style ya PSY ilipokuwa video ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni 1, ndani ya miezi 5 hivi. Wengi walidhani ni kichekesho cha msimu. Kilichofuata kilionyesha vinginevyo. BTS, vijana 7 waliotolewa 2013 na kampuni ya Big Hit, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo mbele ya vigogo wa Seoul, walifikisha albamu yao kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani mwaka 2018, na mwaka 2020 wakashika nafasi ya kwanza ya chati ya nyimbo kwa Dynamite. BLACKPINK, wasichana 4 ambao mmoja wao, Lisa, ni Mthailandi, wakawa waimbaji wakuu wa tamasha la Coachella kule California mwaka 2023. Tuseme wazi pia kwamba Mishomoroni K-pop haijaupiku muziki wowote. Kwenye matatu bado Bongo Fleva na nyimbo za Wanigeria ndizo zinazotamba. Atakayepima uzito wa jambo hili kwa kelele za barabarani atasema halipo, na atakosea, maana K-pop husikilizwa kwa vidude vya masikioni, chumbani, kwa bando la simu, na nguvu yake haitegemei wingi wa wapita njia wanaoisikia. Inategemea kazi inayofanywa na wachache wanaoipenda.

Kazi ndilo neno linalofaa hapa. Shabiki wa kawaida wa muziki hununua, husikiliza, hucheza, basi. Shabiki wa K-pop ana zamu. Wimbo mpya ukitoka, mashabiki hupanga saa za kuusikiliza mtandaoni kwa pamoja ili uingie kwenye chati mapema, huelezana namna ya kusikiliza ili mitambo isije ikadhani ni roboti, hupiga kura za tuzo kila siku, hutafsiri mahojiano kwa lugha kumi na kitu ndani ya saa chache bila malipo. Kila kundi kubwa lina jina rasmi la mashabiki wake (wa BTS huitwa ARMY), rangi au nembo yake, na taa ya mkononi yenye umbo lake pekee, ambayo kwenye tamasha huunganishwa kwa Bluetooth ili maelfu ya taa zibadilike rangi kwa pamoja. Kuna vitikio vya mashabiki vilivyopangwa, vinavyotaja majina ya wanakundi mmoja mmoja mahali maalumu katika wimbo, na asiyevijua huonekana mgeni. Albamu huuzwa katika matoleo kadhaa, kila nakala ikiwa na kadi ya picha isiyojulikana mpaka ifunguliwe, na mtu hununua nakala nne au tano akiitafuta kadi ya ampendaye. Na kuna wapinzani: mashabiki wa kundi hili hukesha wakibishana na wa kundi lile juu ya nani ameuza zaidi na nani amenunuliwa nafasi.

Sasa tuiweke picha hiyo kando ya Mombasa ya bibi zetu. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, aliifuatilia beni hadi pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana waliichukua bendi ya kijeshi ya Mzungu, tarumbeta na ngoma kubwa na gwaride, wakaifanya yao. Mombasa vyama vikuu viliitwa Kingi na Skochi. Kila chama kilikuwa na mfalme, majenerali na madaktari wake, sare zake, hazina yake na mahasimu wake, na kusudi kubwa lilikuwa kumshinda mwenzio kwa mavazi, kwa karamu, kwa nyimbo za kumsuta na kwa idadi ya watu barabarani. Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni iligawanyika hivyo hivyo. Vita vya 1914 viliisambaza beni pamoja na askari na wapagazi; Tanganyika ikapata Marini na Arinoti, na ngoma ikaendelea kwenda bara hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako kulipozuka mgomo wa wachimbaji 1935 tume ya serikali iliichunguza ngoma hiyo, huko ikiitwa mbeni, kama mshukiwa. Bila redio na bila kampuni nyuma yake, ngoma ya pwani ilivuka nusu ya bara. Na wapenda ngoma kuwasumbua wenye madaraka kulijirudia Juni 2020 kwa namna ya kuchekesha, pale mashabiki wa K-pop na watumiaji wa TikTok walipojiandikisha kwa wingi kwenye mkutano wa kampeni wa Donald Trump mjini Tulsa bila nia ya kuhudhuria, na viti vingi vikabaki vitupu.

Lelemama inasogea karibu zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya wanawake. Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa miaka ya 1970, anaeleza vyama vya lelemama vilivyokuwa na viongozi wenye vyeo, sare zilizonunuliwa kwa pamoja, na mashindano yaliyodumu siku kadhaa, kila upande ukichinja na kupika kuupita mwingine. Katikati ya karne iliyopita mahasimu waliotajika zaidi walikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Kwa mwanamke ambaye nyumbani hakuwa na sauti, au ambaye nasaba yake ilimweka chini kwa sababu bibi yake alikuwa mtumwa, chama kilimpa cheo alichojipatia mwenyewe. Humo alikutana na wanawake wa kabila na tabaka nyingine ambao kwenye barza za watu wakubwa asingekaa nao. Hili ndilo jambo wanalolikosa wanaoucheka ushabiki wa K-pop kama wazimu wa wasichana wa shule. Msichana ambaye darasani si wa kwanza wala wa mwisho, na nyumbani hatumwi ila jikoni, anaweza kuwa mtafsiri anayetegemewa na wenzake wa Manila na São Paulo. Cheo hicho hakikuandikwa kwenye cheti chochote, kama vile cheo cha malkia wa lelemama hakikuandikwa kwenye daftari la DC, na uzito wake kwa mwenye nacho ulikuwa vile vile.

Wapo watakaosema kwamba lelemama angalau iliacha kitu. Kweli, iliacha. Mwisho wa miaka ya 1950, wanawake waliojifunza kupanga watu na kukusanya pesa katika vyama vya ngoma walikuwa miongoni mwa walioanzisha jumuiya za wanawake Waislamu za Mombasa, zilizoshughulikia elimu ya wasichana na ustawi. Ngoma ilikuwa skuli ya uongozi bila kujitangaza hivyo. Ila ushahidi wa upande wa pili nao upo. Juni 2020, BTS na kampuni yao walipochangia dola milioni 1 kwa vuguvugu la haki za watu weusi Marekani, mashabiki walikusanya kiasi kama hicho katika muda wa siku moja hivi, kupitia kikundi chao kinachochangia mashirika madogo sehemu mbalimbali za dunia. Michango ya aina hii haizuki tu. Ni mtambo ule ule wa kupandisha wimbo chati, uliogeuzwa shingo kwa usiku mmoja. Mtu aliyekwisha kujifunza kuratibu watu elfu mbili wa nchi ishirini anao ustadi ambao chama cha ushirika au kamati ya maji ingeulipia.

Hoja ya dini na maadili ni nzito zaidi, na haitoshi kuipuuza kwa kusema kila kizazi hulalamikia vijana wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha mjini Mombasa gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932, aliandika kwa ukali juu ya israfu na juu ya kuwaiga Wazungu kijinga, yaani kuchukua mavazi na starehe zao na kuacha elimu na bidii yao. Hoja yake haikuwa kwamba cha kigeni ni haramu kwa kuwa ni cha kigeni. Yeye mwenyewe alisoma maandishi ya wanamageuzi wa Misri na akataka Waislamu wa pwani wajifunze sayansi. Alichouliza ni: mnachukua nini, na mnaacha nini? Swali hilo linaweza kuulizwa kuhusu K-pop, na majibu yake yamechanganyika. Nyimbo nyingi zake ni za mapenzi ya kitoto, matusi ni machache kuliko kwenye nyimbo nyingi zinazopigwa kwenye matatu za Kisauni bila mtu kukohoa. Mavazi ya jukwaani na uzuri wa kutengenezwa ni jambo jingine. Mzazi anayechagua kukataza vyote afanye hivyo akijua anachokikataza, na anayesema K-pop ndiyo inayowapotosha watoto ahakikishe kwanza kilichomo kwenye simu yake mwenyewe.

Kwa upande wa israfu, hapa namuunga mkono Sheikh. Katika beni na lelemama pesa ziliruka kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya mji. Mshonaji wa sare alikuwa wa Mombasa, ng'ombe alinunuliwa kwa mchungaji wa karibu, wali uliliwa na majirani, hata deni lilidaiwa na mtu mnayefahamiana. Shabiki na mchezaji alikuwa mtu mmoja. Katika K-pop shabiki hufanya kazi ya matangazo, ya tafsiri na ya utafiti wa soko, kisha hulipia bidhaa, na faida huenda Seoul kwa wenye hisa. Big Hit iliingia kwenye soko la hisa Oktoba 2020 na baadaye ikajiita HYBE. Mashabiki wanaoipigia kura usiku kucha hawamo kwenye kitabu cha gawio ila wachache walionunua. Wala wachezaji wenyewe hawakuwa salama siku zote. Mwaka 2009 wanachama 3 wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13, na baada ya hapo tume ya ushindani wa haki ya Korea ikaweka mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Vifo vya waimbaji Jonghyun mwaka 2017, kisha Sulli na Goo Hara mwaka 2019, vilifungua mjadala mchungu kuhusu matusi ya mtandaoni na maisha ya kuchungwa mchana na usiku. Lelemama ilikuwa na madeni na machozi yake, lakini hakuna aliyemiliki saa za kulala za mchezaji.

Kwa hiyo kufanana kuna mpaka, na mpaka wenyewe unaonekana vizuri zaidi tukitazama muziki wa kigeni uliowahi kuishika Mombasa kwa nguvu zaidi ya K-pop: nyimbo za filamu za Kihindi. Tangu miaka ya 1950, sinema za mji kama Regal, Majestic na Naaz zilijaza watu waliotoka wakiimba maneno ya Kihindi wasiyoyajua maana, wakichana nywele kama Raj Kapoor. Mpaka hapo ni hadithi ya binti wa Mishomoroni. Kilichofuata ni tofauti. Yaseen Mohamed, kisha Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki Mombasa 2014, walizichukua tuni zile wakazivika mashairi ya Kiswahili yenye vina, mizani na mafumbo, mengine yakiwa yametungwa na mtunzi mashuhuri Ahmad Nassir, jamaa yake Bhalo. Sauti ilivutwa kama ya mwimbaji wa Bombay, na maneno yaliumiza kama ya mshairi wa Mvita. Wapo waliolalamika, hasa wapenzi wa taarabu ya udi ya mwendo wa Kiarabu aliyoishikilia Zein l'Abdin, kwamba hii ni taarabu ya kuazima. Lalamiko lilikuwa na ukweli, na halikuzuia harusi hata moja. Kanda za Bhalo zilisikilizwa toka Lamu hadi Zanzibar na kuvuka hadi Uarabuni, na leo kwa wengi ndizo zinazoitwa za kale na za asili.

Hata Asia ya Mashariki ilikwisha kupita hapa kabla ya BTS. Taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta, ilibuniwa Japani 1912, ikapitia India, ikafika pwani, na miaka ya 1970 na 1980 ndiyo iliyolia nyuma ya Zuhura Swaleh na kundi la Maulidi Juma, pamoja na midundo ya chakacha, kwenye harusi za Mombasa. Sidhani kama waliocheza usiku ule walijiuliza ni ya Wajapani. Walikuwa wamekwisha kuipa kazi. Hiyo ndiyo desturi ya pwani kwa muda mrefu: bendi ya Mwingereza ilipewa nyimbo za kusutana kwa Kiswahili, tuni ya Mhindi ikapewa shairi, ala ya Mjapani ikapewa chakacha. K-pop imepewa nini? Imepewa wachezaji hodari wanaoiga kila pindo la mkono, na wasikilizaji waaminifu. Sijui wimbo hata mmoja wa pwani uliochukua tuni ya Kikorea na kuufanya mji mzima uimbe fumbo lake.

Mwenye haraka atasema ni uvivu wa vijana. Mimi naona sababu mbili za kimaada zaidi. Ya kwanza ni sheria na mitambo ya kuitekeleza. Bhalo alipoanza kuvuma, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 1966 ilikuwa changa, na hakuna mtu wa Bombay aliyekuwa akisikiliza kanda za Mombasa ili adai haki yake. Tusipambe mambo, watunzi wa Kihindi hawakulipwa, ingawa nao walikuwa mabingwa wa kuokota tuni za watu. Leo kijana akiweka YouTube shairi la Kiswahili juu ya tuni ya Kikorea, mfumo wa kutambua nyimbo utaikamata kwa dakika chache, na ama video izuiwe au mapato yake yaende kwa mwenye tuni. Kucheza, kinyume chake, kunaruhusiwa na hata kutiwa moyo: kampuni zenyewe hutoa video za mazoezi zinazoonyesha hatua zote kwa kamera tuli, ili watu wazinakili. Kwa hiyo mlango wa viungo umeachwa wazi na mlango wa ulimi umefungwa, na vijana wamepita palipo wazi. Sababu ya pili ni tuzo zinazotolewa. Ubalozi wa Korea mjini Nairobi umekuwa ukiandaa mashindano ya kuimba na kucheza K-pop yanayohusiana na tamasha la dunia linalofanyika Changwon tangu 2011. Mshindi wa mashindano ya aina hiyo ni yule anayefanana zaidi na wenyewe. Kwa ubalozi hilo ni halali yake, ndiyo kazi ya balozi. Ila mji uliozoea kushindana kwa ubunifu wa kumsuta mpinzani umejikuta ukishindana kwa kufanana.

Je, haitoshi kwamba Bongo Fleva na muziki wa vijana wa Mombasa unaendelea, na kwamba K-pop iachwe kama ilivyo, burudani ya chumbani? Ingetosha kama mtindo wa ushabiki wenyewe usingekuwa umekwisha kuvuka. Tazama mabishano ya miaka ya karibuni baina ya wafuasi wa Diamond Platnumz na wa Harmonize, tangu huyu wa pili aondoke lebo ya Wasafi 2019: nani ametazamwa mara ngapi kwa saa 24, nani amenunua watazamaji, nani anashika nafasi ya kwanza. Lugha hiyo ya kuhesabu haikutoka kwenye taarabu, ambako mpenzi humtuza mwimbaji kwa noti mkononi mbele za watu na mwimbaji akamjibu kwa ubeti. Imetoka kwenye ulimwengu ambao K-pop ndiyo iliyoupeleka mbali zaidi. Tumechukua daftari la hesabu la Seoul na kuacha kiwanda chake, jambo ambalo Sheikh Al-Amin angelitambua mara moja.

Na kiwanda hicho kina somo ambalo mashabiki wenyewe mara nyingi hawalijui: linaonyesha Wakorea wakifanya kilichofanywa na Bhalo, kwa kulipia. Seo Taiji alichukua mdundo wa Marekani akaimba Kikorea, kuhusu skuli za Korea na uchungu wa vijana wa Korea. Mwaka 1998, SM Entertainment ilichukua wimbo wa kundi la wasichana wa Ufini, Nylon Beat, ikautia maneno ya Kikorea na kuwapa wasichana 3 wa S.E.S.; Dreams Come True ikawa moja ya nyimbo zao kubwa, na wasikilizaji wa Seoul hawakuhitaji kujua Ufini iko wapi. Tangu hapo kampuni za Korea zimekuwa zikinunua tuni kwa watunzi wa Sweden, Norway, Uingereza na Marekani kwa mamia. Waliajiri wageni kutengeneza mwili wa wimbo na wakaitunza sehemu ya maneno kwa lugha yao, mpaka lugha yao ikaanza kufundishwa kwa wageni kwa ajili ya nyimbo.

Mombasa ina wasomi wa shairi, ina vijana wa studio, na Mishomoroni na Kisauni zina wachezaji wanaojua kila hatua ya nyimbo hizo. Kinachokosekana ni ruhusa, na ruhusa ina bei. Wimbo mkubwa wa BTS hauwezi kufikiwa, hilo halina ubishi. Lakini maktaba za kampuni za Seoul zimejaa nyimbo za 2005 na 2010 zilizokwisha kupoa sokoni, zenye tuni za kutosha kubeba tarbia, na mwenye haki anayepokea barua ya kuomba leseni ya tafsiri kwa lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu ana sababu ya kuijibu. Barua hiyo inaweza kuandikwa na meneja yeyote wa Mombasa mwenye anwani ya barua pepe, au ikapitishwa kwa ubalozi ule ule unaoandaa mashindano, ukiombwa uongeze kipengele cha wimbo wa Kikorea ulioandikwa upya kwa Kiswahili, na majaji wake wawe watu wanaojua vina na mizani.